Antigone au Home Fire, Medea au Beloved: uanze na ipi, na kwa nini

Mtu akitaja tanzia za Kigiriki wengi wetu tunafikiria miungu na mashujaa wa mikuki, afu tunaahirisha, tutasoma siku moja. Lakini ukizifungua zile zilizosalia utakuta wanaoganda kichwani ni wanawake, Antigone, Medea, Clytemnestra, Electra, Hecuba, Iphigenia, na ugomvi wenyewe mara nyingi ni wa nyumbani kabisa, maiti izikwe na nani, mke aliyeachwa aende wapi, baba kamtoa binti yake bila kumuuliza mama, damu ya nani ina haki zaidi kwenye nyumba hii. Na saa hizi zipo riwaya nyingi zilizochukua stori hizohizo au zinazopita karibu nazo, kwaio mtu anaepata muda wa vitabu viwili vitatu tu kwa mwaka ana haki ya kuuliza aanzie wapi, kwa Wagiriki wenyewe au kwenye riwaya.

Mi nina msimamo na nausema mapema ili ujue naelekea wapi. Kwa Wagiriki balaa linatoka ndani ya ukoo, limeandaliwa kabla msichana hajazaliwa, na tamthilia inafunguka mambo yakiwa yameshaiva, zimebaki saa chache tu. Kwenye riwaya balaa linakuja na karatasi, sheria ya uraia, sheria ya watumwa, barua iliyopotea, na mwandishi ana kurasa mia tatu za kukuonyesha huyu mwanamke alikua anaishi vipi kabla ya siku hiyo na anaishi vipi baada yake. Kwaio unapochagua, unachagua kama unataka kumwona mwanamke kwenye saa yake ngumu kuliko zote, akiwa amesimama mbele ya watu anajitetea, au unataka kukaa nae miaka. Hakuna jibu moja la kila kitabu, kuna jozi ambayo mchezo wa kale unashinda wazi na kuna jozi ambayo ningekushauri uanze na riwaya kwanza. Na nitataja matukio ya ndani ya vitabu, huwezi kulinganisha bila kutaja, ila mwisho wa Home Fire siusemi.

Antigone na Home Fire

Antigone ya Sophocles ilichezwa Athens karibu mwaka 441 KK, ina mistari kama 1,350 tu, unaimaliza jioni moja. Kaka wawili, Eteocles na Polynices, wameuana wakigombea ufalme wa Thebes. Mjomba wao Creon ndo kabaki na kiti, anatoa amri kwamba Eteocles azikwe kwa heshima zote na Polynices aachwe nje aliwe na mbwa na ndege, kwa sababu alileta jeshi la kigeni kuupiga mji wake mwenyewe, na atakaemzika atauawa. Antigone anaenda kumzika kaka yake, anakamatwa, hakatai, anafungiwa pangoni akiwa hai.

Shika hilo neno mjomba, maana Creon ni kaka yake Jocasta, mama yao kabisa. Kwetu mjomba ndo mtu unaemkimbilia mambo yakiharibika upande wa baba, na hapa tuna msichana ambae baba hana, mama hana, kaka zake wote wawili wamekufa siku moja, mkubwa aliyebaki kwenye familia ni mjomba, na mjomba huyohuyo ndo anatamka hukumu. Tena alikua awe baba mkwe wake, kwa sababu Antigone kachumbiwa na Haemon, mtoto wa Creon, yaani binamu yake. Hakuna mtu wa nje kwenye ule ugomvi. Ndo maana nikisikia inaelezwa kama stori ya mtu mmoja dhidi ya serikali naona imepunguzwa sana, serikali yenyewe pale ni mjomba, na mjomba anaogopa kuonekana kashindwa na mtoto wa dada yake, analisema hilo waziwazi kwamba akiwa hai hatotawaliwa na mwanamke.

Home Fire ya Kamila Shamsie ilitoka 2017 na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Women's Prize for Fiction. Shamsie kazaliwa Karachi, na stori kaiweka zaidi London, upande wa Wembley, kwenye familia ya Waingereza wenye asili ya Pakistan. Isma ni dada mkubwa, kawalea mapacha Aneeka na Parvaiz baada ya bibi na mama kufariki. Baba yao alikua mpiganaji wa jihadi na alikufa akisafirishwa kupelekwa Guantánamo, gereza la Wamarekani. Parvaiz anarubuniwa, anaenda Raqqa huko Syria kufanya kazi kwenye kitengo cha habari cha ISIS, anajuta, anatafuta njia ya kurudi, anauawa Istanbul. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, Karamat Lone, ambae nae wazazi wake walitoka Pakistan, anakataa mwili usirudi Uingereza, upelekwe Pakistan. Na mtoto wa waziri huyo, Eamonn, yuko kwenye mapenzi na Aneeka.

Unaona mifupa ni ileile. Kilichonikamata ni kile alichofanya Shamsie na laana ya ukoo. Kwa Sophocles ile kwaya ya wazee wa Thebes, lile kundi linaloimba na kutoa maoni jukwaani, inaimba kwamba nyumba ikishatikiswa na miungu basi msiba unapita kizazi hadi kizazi, na kweli, Antigone ni mtoto wa Oedipus aliyemuua baba yake na kumuoa mama yake bila kujua. Sasa mwandishi wa leo akisema laana wasomaji wengine hawatamwelewa, kwaio Shamsie kaibadilisha ikawa faili la usalama. Riwaya inafunguka Isma yuko uwanja wa ndege wa Heathrow anahojiwa mpaka ndege inamuacha, dada mpole wa watu anaeenda Marekani kusoma, hajafanya chochote, jina la baba yake ndo linatembea mbele yake. Na Parvaiz nae anakamatwa kwa njia ileile, yule mtu anaemrubuni anamletea sifa za baba ambae kijana hakuwahi kumjua, anampa baba. Hapo utaelewa kwamba watu wa kale hawakua wanasema mambo ya ajabu waliposema madeni ya mzazi yanamfuata mtoto.

Riwaya inashinda kwa dada. Kwenye tamthilia Ismene ana nafasi mbili fupi, mwanzo anasema sisi wanawake hatuwezi kupigana na wanaume, baadae anataka kushiriki kosa na Antigone anamkatalia kwa ukali mpaka unamuonea huruma. Shamsie kampa Isma sehemu nzima ya kwanza ya kitabu, na kampa kosa zito, ndo alietoa taarifa polisi kwamba mdogo wake ameondoka. Alifanya hivo ili kuwalinda waliobaki. Ukiwa mtoto wa kwanza kwenye familia, hasa wa kike, aliyelea wadogo zake, ile sehemu ya Isma itakukaa mwilini. Pia waziri kapewa sehemu yake mwishoni, unaingia ndani ya kichwa chake, unaona mtu aliyeamini kwamba usalama wake ni kujitenga na watu wa kwao.

Ila kwa Antigone mwenyewe, tamthilia ya kale inashinda kwa mbali. Kuna maneno anasema kabla ya kuingizwa pangoni ambayo yamewasumbua wasomaji kwa karne nyingi, Goethe, yule mwandishi Mjerumani, alitamani atokee mtaalamu athibitishe kwamba si ya Sophocles. Anasema kwa mume nisingefanya hivi, wala kwa mtoto, mume akifa nitapata mwingine, na mtoto nitazaa na mwanaume mwingine, lakini baba na mama wapo kuzimu, kaka mwingine hawezi kuzaliwa tena. Goethe aliona ni hesabu ya baridi isiyomfaa shujaa. Mi naona ndo mahali ambapo Antigone anakua mtu kweli, ni binti yatima anaehesabu ndugu waliobaki na kukuta hawapo. Mwanafalsafa Aristotle nae alishayataja maneno hayo kama mfano wa hoja unapoitwa utoe sababu ya jambo lisiloaminika. Shamsie kawafanya Aneeka na Parvaiz mapacha, na hilo linamrahisishia msomaji wa leo kuelewa kwa nini dada haachi, lakini linaondoa ule ugumu, mapenzi ya mapacha kila mtu anayakubali, ile hesabu ya Antigone hakuna anaeikubali kirahisi na ndo sababu haisahauliki.

Ushauri wangu hapa, soma Antigone kwanza, wiki hiyohiyo ingia Home Fire. Ukigeuza mpangilio utaiona tamthilia kama muhtasari wa riwaya na utaikosea. Kama hujui kabisa mambo ya Oedipus tafuta Mfalme Edipode, tafsiri ya Kiswahili ya Samuel Mushi, inakupa historia yote ya ile nyumba kwa lugha yako. Na kama unapenda jukwaa kuliko kurasa, The Island ya mwaka 1973, waliyoitengeneza Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona, inahusu wafungwa wawili Afrika Kusini wanaoandaa Antigone gerezani. Mandela mwenyewe aliwahi kuigiza Creon akiwa mfungwa Robben Island, kaandika kuhusu hilo, na inafikirisha sana kwamba yeye aliyefungwa kwa kuvunja amri ndo alipewa kusema maneno ya mtoa amri.

Medea na Beloved

Hapa nageuza, soma riwaya kwanza. Najua wengi watasema ni kinyume na utaratibu kwa sababu Medea ina zaidi ya miaka 2,400 na Beloved ni ya juzi, lakini nina sababu.

Medea ya Euripides ilichezwa 431 KK, mwaka ambao vita vya Athens na Sparta vilianza, na kwenye mashindano ilipata nafasi ya tatu, yaani ya mwisho kati ya waandishi watatu. Medea ni mgeni Korintho, katoka mbali huko Colchis, kwa ajili ya mapenzi ya Jason alimsaliti baba yake na kumuua kaka yake. Wamezaa watoto wawili wa kiume. Sasa Jason anaoa binti wa mfalme, na mfalme anamfukuza Medea na watoto wake nje ya mji. Mwanamke akiachika kwa kawaida anarudi kwao, huyu kwao alishapaharibu kwa mikono yake. Jason anakuja kumwelezea kwa sauti ya upole kwamba ndoa mpya ni kwa faida ya watoto, watapata ndugu wa kifalme, maisha yatakua mazuri kwa wote, na hiyo hotuba ukiisoma utajikuta unamjua mtu aliyewahi kuitoa. Medea anamuua bibi harusi kwa nguo yenye sumu, afu anawaua wanawe.

Tatizo la kuanza na Medea ni kwamba mtu anafika kwenye kuua watoto na anafunga mlango wa moyo, anasema huyu ni shetani, basi, hamsikilizi tena. Na akifunga mlango hapo anakosa hotuba nzito za mwanzo, pale anaposema mwanamke ananunua mume kwa mahari kubwa na kumfanya bwana wa mwili wake bila kujua kama ni mwema au mbaya, na kwamba afadhali asimame vitani na ngao mara tatu kuliko kuzaa mara moja. Maneno hayo yaliandikwa na mwanaume, yakasemwa na mwigizaji mwanaume aliyevaa barakoa, kwa sababu waigizaji wote Athens walikua wanaume, na bado yanachoma.

Beloved ya Toni Morrison, iliyotoka 1987 na kupata tuzo ya Pulitzer 1988, inakufundisha kuuliza swali lingine. Inatokana na tukio la kweli. Januari 1856 Margaret Garner, mwanamke mtumwa, alitoroka Kentucky na familia yake, wakavuka mto Ohio ulioganda kwa barafu wakaingia Cincinnati. Sheria ya mwaka 1850 ilimruhusu bwana kumfuata mtumwa hadi kwenye majimbo yasiyo na utumwa na kumrudisha. Walipozingirwa, Margaret alimuua binti yake mdogo kwa kisu, na alikua anajaribu kuwaua na wengine. Mwaka 1867 mchoraji Thomas Satterwhite Noble alichora tukio hilo na picha ikajulikana kwa jina la Medea wa kisasa. Kwaio hiyo jozi sikuibuni mimi, ipo tangu karne ya 19.

Na ukiwaweka pembeni ya mwenzake unaona jina lile halikumtosha Margaret. Medea ana sababu mbili zimeshikana, moja ni kwamba maadui wasimcheke, nyingine ni kwamba watoto wataangukia mikononi mwa watu watakaowaua kwa ukatili zaidi, na Euripides anamfanya abadili mawazo mara kadhaa palepale mbele yetu, anawaangalia macho, analegea, anajikaza. Sethe wa Morrison, mama mtumwa aliyetoroka ambae kwenye riwaya anamuua binti yake, ana sababu moja tu, aliyekuja getini ni yule mwalimu wa shamba aliyekua anafundisha wapwa zake kuorodhesha sifa za Sethe za kibinadamu upande mmoja na za kinyama upande mwingine, na Sethe anakusanya watoto wake anawakimbiza mahali ambapo yule mtu hawezi kufika. Hamna mume aliyemuudhi, hamna wivu. Kwa Medea unaweza kubishana kama alikua na njia nyingine. Kwa Sethe jaribu kubishana uone.

Kuna tofauti nyingine kubwa zaidi. Medea baada ya kuua anapanda gari la babu yake, mungu Jua, anapaa na maiti za watoto, anaondoka, tamthilia imekwisha. Morrison anaanzia hapo ambapo Mgiriki kaacha. Riwaya inafunguka 1873, miaka 18 baadae, kwenye nyumba namba 124, na Sethe bado yupo humo anapika, anaenda kazini, anaishi na Denver, binti aliyebaki, watoto wa kiume wameshakimbia nyumba, na mzimu wa mtoto umekaa nao. Tanzia inajua kukuonyesha tendo, kukaa na tendo miaka 18 haina nafasi, ina siku moja. Kama unachotaka kuelewa ni jinsi familia inavoendelea baada ya jambo lisilosemeka basi Beloved, na usiikimbie kwa sababu ni ngumu, ni ngumu kweli, kurasa za mwanzo zinachanganya muda, vumilia mpaka Paul D, mwanaume aliyekua mtumwa shamba moja na Sethe, azoee nyumba na utaanza kuona njia.

Na angalia majirani, hili ndo linanifanya nizisome pamoja kila mara. Kwa Euripides kwaya ni wanawake wa Korintho, wanampenda Medea, wanaahidi kunyamaza, na watoto wanapolia ndani wanasikia, wanajiuliza waingie, hawaingii. Ni utaratibu wa jukwaa, kwaya haiingii ndani, lakini mtazamaji anaumia vilevile. Morrison nae ana kwaya yake, ni watu weusi wa pale mtaani, siku moja kabla walikula karamu kwa Baby Suggs, mama mkwe wa Sethe, wakaona ameipitiliza, wakaingiwa na kijicho, na kesho yake wapanda farasi wanne waliokuja kumchukua Sethe walipopita hakuna aliyekimbia kuja kutoa taarifa. Kimya chao kina mkono kwenye kifo cha yule mtoto. Ila Morrison kawapa nafasi ambayo Euripides hakuwapa, mwishoni wanawake 30 wanakuja mpaka getini kwa Sethe wakiwa wanaimba. Ukishasoma hiyo halafu ukarudi Korintho, ile kwaya iliyosimama nje haitakua tena pambo la kizamani kwako.

Tess, kwa ufupi

Tess of the d'Urbervilles ya Thomas Hardy, 1891, inafaa kwa mtu anaetaka kuona neno majaliwa likifanya kazi bila mungu yeyote kutokea. Baba masikini, mlevi, anaambiwa njiani kwamba ukoo wake ni wa mabwana wa zamani, na kwa sababu ya hilo jina tu binti anapelekwa kwa watu wanaojiita ndugu, na maisha yake yanaharibikia huko. Barua ya kukiri kwa mchumba inateleza chini ya zulia haisomwi. Hardy mwishoni kabisa anamtaja Aeschylus, kwamba mkuu wa wasiokufa amemaliza mchezo wake na Tess, yaani alijua anachokifanya. Ni ndefu, na Hardy anamminya huyu msichana kuliko nnavoweza kuvumilia, kila mlango anaogusa unafungwa, mpaka unaanza kumshuku mwandishi badala ya majaliwa.

Kama unataka njia hiyohiyo na hujajisikia kwenda Uingereza ya kale, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, 1971, ipo karibu zaidi. Rosa wa Ukerewe, baba yake Zakaria anampiga kwa ajili ya barua ya mvulana, anamfungia asijue wanaume, na huko ndiko kuanguka kwake kunakoanzia. Pale majaliwa ni malezi, baba mwenyewe ndo anaitengeneza ajali aliyokua anaiogopa, kama Laius baba yake Oedipus aliyemtupa mtoto ili unabii usitimie na kwa kumtupa akautimiza. Ningempa mtu Rosa Mistika kabla ya Tess, bila kusita, ni fupi na haina huruma ya uongo.

Oresteia na House of Names

Hapa sina shaka kabisa, chukua Aeschylus. Oresteia ilishinda 458 KK na ndo mfululizo pekee wa tamthilia tatu uliotufikia mzima, Agamemnon, Wabeba Sadaka, na ile ya tatu ya Wenye Hisani. Agamemnon alimtoa binti yake Iphigenia sadaka pale Aulis ili meli zipate upepo wa kwenda Troy. Mama, Clytemnestra, kasubiri miaka kumi. Ana mpenzi, Aegisthus, ambae ni mtoto wa baba mdogo wa Agamemnon, na huyo ana kisasi chake, baba yake alilishwa nyama ya watoto wake mwenyewe na baba yake Agamemnon. Nyumba hiyo watu wake wanalana wao kwa wao tangu zamani. Agamemnon anarudi mshindi, mkewe anamtandikia vitambaa vya zambarau akanyage, anamwingiza ndani, anamuua bafuni na Cassandra pia, mateka wa kike aliyekua anaona yote yanakuja na hakuna anaemwamini.

House of Names ya Colm Tóibín, 2017, inampa Clytemnestra nafasi ya kusimulia mwenyewe, na sehemu ya kwanza, ile ya safari ya kumpeleka binti kwenye harusi ya uongo na Achilles, ni nzuri mno, mama anashona matumaini na sisi tunajua. Baadae kitabu kinamfuata Orestes mtoto aliyetekwa, na mi huko nilipoa, nguvu inatoka. Tóibín kaondoa miungu, na bila miungu kisasi kinakua siasa za ikulu tu. Isome kama umempenda sana Clytemnestra na unataka kumsikia kwa sauti ya chini. Kwa Aeschylus anapiga kelele mbele ya maiti, anajivunia, wazee wanatetemeka, na hata anayemchukia anajua binti yake hakuna mwingine aliyemlilia pale ikulu.

Ila sababu kubwa ya kuchagua Aeschylus ni tamthilia ya tatu, ambayo wengi hawafiki. Orestes kamuua mama yake kulipiza baba, Furia, miungu wa kike wa kulipiza kisasi, wanamkimbiza, na mungu wa kike Athena anaanzisha mahakama Athens ya kumhukumu. Furia wanaulizwa mbona hamkumkimbiza Clytemnestra, wanajibu mume si damu yake. Ndipo mungu Apollo, anaemtetea Orestes, anatoa hoja kwamba mama si mzazi wa mtoto, ni mtunzaji tu wa mbegu iliyopandwa, mzazi ni baba. Na Athena, aliyezaliwa bila mama, anampigia Orestes kura, kura zinalingana, kijana anaachiwa. Iphigenia hatajwi kama kesi. Furia wanatulizwa, wanapewa makao na heshima chini ya mji.

Sasa rudi Cincinnati 1856. Wakili wa upande wa Margaret Garner alitaka ashtakiwe kwa mauaji huko Ohio, ndio, alitaka mteja wake ashtakiwe kwa kuua, kwa sababu mtu pekee ndo anaweza kuua, na mtoto akiwa kauawa basi nae alikua mtu na mama yake alikua mama. Sheria ya watumwa ilisema hao ni mali ya bwana, kilichopotea ni mali. Mali ikashinda, wakarudishwa Kentucky, Margaret akapelekwa kusini zaidi na akafa 1858. Mahakama mbili, moja ya kutungwa na moja ya kweli, na zote zinaamua mama ni nani wa mtoto wake.

Kwaio ukichukua Oresteia usiishie kwenye Agamemnon hata kama ndo tamu kuliko zote. Tenga siku mbili tatu, tafuta tafsiri yenye maelezo ya majina maana ukoo ule unachanganya, soma kwa sauti sehemu za Clytemnestra na Cassandra, mkiwa wawili ni bora zaidi, mmoja awe kwaya, na hakikisha mnafika hadi kwenye ile hoja ya Apollo mkiwa bado na nguvu za kubishana nae.